Mnong'onezi wa Hatibagan

Wifi yangu alinituma samaki, hakunituma hadithi.
"Ilishi mmoja, mwenye tumbo zito, macho yasiwe na ukungu.
Na usinirudie hapa na habari za watu."
Nikashuka kwenye tramu kwa sababu imekwama,
si kwa sababu nimefika.

Hatibagan, Alhamisi, saa tano asubuhi.
Sari zimetundikwa langoni pa jumba la maigizo,
nyekundu, nyekundu tena, kijani cha limau,
pale pale palipokuwa na pazia.
Dirisha la tiketi sasa linauza vocha za simu,
na kijana aliyemo ndani hajui
kwa nini wazee wakifika hapo hupunguza mwendo
na kupapasa mfuko wa shati.
Ukutani, chini ya rangi mpya,
zimebaki sharubu za mfalme mmoja.
Uso umekwenda. Sharubu zimegoma.

Wanaosema kizuri chajiuza
hawajawahi kupita hapa.
Hapa kizuri hupayuka kushinda kibaya:
biringanya zinasifiwa mashavu,
bamia zinaapiwa kwa jina la mama,
muuza vyungu anagonga chungu kwa kidole
na kukitegea sikio, kama daktari.

Ila kwenye uchochoro wa samaki
pana meza moja kimya.
Mzee amekaa nyuma ya kisu kilichosimama wima,
mpini kaubana kwa mguu,
na bei anaitaja kwa kunong'ona.
Wateja wanainama. Wengine wanachoka kuinama, wanapita.

"Huyo Nakul Dhara," akaniambia Malati wa chai,
akinipa kikombe cha udongo kinachonichoma vidole.
"Miaka thelathini na mmoja alikaa shimoni,
chini ya jukwaa, kitabu magotini, tochi kwapani,
akiwalisha maneno wafalme waliosahau.
Watu walilizwa na maneno
yaliyopita kwanza kinywani mwake,
na hakuna aliyemjua kwa sura.
Sasa koo limezoea.
Akipaza sauti anaona haya,
anadhani hadhira itamsikia."

Nikaenda. Nikainama.
"Elfu moja na mia nne," akanong'ona.
Sijui ni nini kilichonisimamisha wima.
"Elfu moja na mia nne!" nikasema,
na mama mwenye mwavuli akageuka.
"Kwa kilo."
"Kwa kilo!"
"Wa mtoni, si wa barafu."
"Wa mtoni! Si wa barafu!"

Mimi, niliyekuwa nikitetemeka kuitwa ubaoni,
mimi ambaye harusini kwangu
kiapo kilijibiwa na shangazi.
Wakaja wawili, wakaja watano.
Kila nilipokwama, midomo yake ilikuwa imetangulia,
na kidole gumba chake, kilicholowa magamba,
kikawa kinafunua ukurasa usiokuwepo.

Tuliuza samaki saba.
Halafu akanong'ona jambo, nami nikafungua kinywa nilitangaze,
kumbe halikuwa la soko:
"Sogea kushoto kidogo. Mwanga uko huko."
Nikasogea.
Turubai lilikuwa na tundu,
na jua likanishukia begani, la moto, lote langu.
Muuza bamia akanyamaza. Labda alikuwa anakohoa tu.

Nilirudi nyumbani saa nane, sauti imenikauka.
Wifi akamfungua ilishi kwenye gazeti,
akamminya tumbo, akamchungulia macho,
akakosa la kulaumu, jambo lililomkera.
"Haya, bei gani?"

Nikanyamaza, mikono ubavuni,
sikio limeelekea sakafuni,
nikisubiri.